Tabibu Burkitt na Saratani ya Taya: Habari za Utafiti Uliofanywa Kampala

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyewafundisha umma wake kwamba kila maradhi yana dawa yake, akawahimiza watu wajitibu wala wasikae wakikata tamaa. Kwa sababu ya mafundisho hayo, elimu ya utabibu ilipata heshima kubwa katika miji ya Waislamu tangu zamani. Ibn Sina, aliyefariki katika mwaka wa 1037, alieleza katika kitabu chake cha Qanun habari za uvimbe mbaya unaokula mwili, akaonya kwamba uvimbe huo unapoanza huenda ukazuilika, bali ukishakomaa ni taabu kuuponya. Hata jina la saratani, ambalo Waswahili wanalitumia hata leo, ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando, kwa kuwa uvimbe huo huishika nyama ya mwili kama kaa anavyoshika windo lake.

Habari zinazofuata ni za saratani moja inayowapata watoto, iliyotambuliwa Kampala katika mwaka wa 1957, na za tabibu aliyeifuatia kwa miaka mingi mpaka sababu zake zikaanza kujulikana na dawa yake ikapatikana. Yafaa habari hizi zisomwe na Waislamu wa Mutanga Nord kwa sababu mbili. Ya kwanza, nchi ya Burundi yenyewe imo katika ushahidi uliomwonyesha tabibu huyo njia. Ya pili, mtoto mwenye maradhi haya anaweza kupona akiwahishwa, na akicheleweshwa hufa; na mara nyingi kuwahi au kuchelewa kumo mikononi mwa wazazi na majirani.

SARATANI ZA DAMU

Damu ya mwanadamu ina chembe nyekundu zinazochukua hewa safi mwilini, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa kupigana na maradhi. Chembe hizo huzaliwa na kufa kwa kipimo. Ikitokea chembe nyeupe moja kuasi, ikaanza kuzaana bila ya mpaka wala kufa kwa wakati wake, ndipo inapopatikana saratani ya damu. Zikijaa katika uboho wa mifupa na katika damu yenyewe, maradhi huitwa lukemia. Zikijikusanya katika tezi na viungo vingine na kufanya uvimbe, huitwa limfoma. Maradhi yanayosimuliwa hapa ni limfoma, na katika saratani zote zimpatazo mwanadamu hakuna nyingi ziendazo mbio kama hii: chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili.

MWANZO WA TABIBU BURKITT

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, upande wa kaskazini wa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na majengo ya serikali, na katika wakati wake wa faragha aliwachunguza ndege wadogo wa bustanini, akachora ramani za mipaka ya kila ndege. Mwanawe naye, baada ya miaka mingi, alikuja kuchora ramani ya maradhi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipata ajali akapoteza jicho lake la kulia. Alianza kusoma uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akaugeukia utabibu, akahitimu katika mwaka wa 1935 na kuwa mpasuaji. Alipoomba mara ya kwanza kazi ya utabibu katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa ajili ya jicho lake moja. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja alitumikia jeshi, akaijua Kenya na Somalia, na baada ya vita, katika mwaka wa 1946, akakubaliwa kwenda Uganda. Alianzia Lira, kisha katika mwaka wa 1948 akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa Mkristo mshika dini, mtu mpole asiyependa makuu.

WATOTO WAWILI

Katika mwaka wa 1957 Dokta Hugh Trowell, tabibu mashuhuri wa Mulago, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa umri wa miaka 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yake yamelegea. Burkitt alistaajabu. Uvimbe wa saratani kwa desturi huanza mahali pamoja, na usaha wa jino nao huwa mahali pamoja. Ilikuwaje taya zote zivimbe katika pembe 4 kwa wakati mmoja? Hakupata jawabu, akapiga picha na kuandika, na mtoto hakupona.

Hazikupita wiki nyingi, Burkitt alikwenda hospitali ya Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vile vile. Alipompapasa tumboni akakuta uvimbe mwingine ndani. Mara akatambua kwamba jambo likitokea mara moja huenda likawa ajabu tu, bali likitokea mara mbili lina asili yake. Aliporejea Mulago alifungua madaftari ya wagonjwa, akayapitia moja moja, akaona kwamba watoto wengi walioandikwa kuwa na uvimbe wa macho, wa figo, wa ini au wa tumbo, walikuwa pia na uvimbe wa taya. Madaktari waliyahesabu kuwa maradhi mbali mbali, kumbe yalikuwa maradhi mamoja yenye nyuso nyingi.

Wala hakuwa wa kwanza kuyaona. Sir Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo katika mwaka wa 1897, alikuwa amekwisha kuandika katika kumbukumbu zake habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Hilo lilionyesha kwamba maradhi haya hayakuja juzi. Katika mwaka wa 1958 Burkitt alitoa maelezo yake ya kwanza katika gazeti la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Wengi hawakuyajali. Baadaye wataalamu wa kuchunguza nyama za mwili waliokuwapo Kampala, miongoni mwao Gregory O'Conor na J. N. P. Davies, walithibitisha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu. Ndiyo sababu maradhi haya huitwa hata leo limfoma ya Burkitt.

RAMANI NA SAFARI NDEFU

Burkitt alijiuliza swali ambalo madaktari wa mahospitali makubwa hawakuwa na desturi ya kuliuliza. Hakuuliza tu, maradhi haya ni nini. Aliuliza, yako wapi, na wapi hayako? Kwa fedha kidogo alizopewa na serikali alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa mahospitali ya serikali na ya misheni Afrika nzima, akiuliza kama wamepata kuona mgonjwa wa namna hiyo. Kila jawabu lililokuja, alichoma pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikafanya ukanda uliokata katikati ya Afrika kutoka magharibi mpaka mashariki, kisha ukashuka kama mkia upande wa pwani mpaka Msumbiji.

Ili ajue mipaka ya mkia huo, Burkitt aliondoka Kampala mwezi wa Oktoba 1961 pamoja na wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ambao walikuwa madaktari wa misheni. Walinunua motokaa ya Ford iliyokwisha kutumika, ya mwaka wa 1954, kwa paundi 250. Kwa muda wa wiki 10 walikwenda maili 10,000, wakapitia mahospitali zaidi ya 50 toka Afrika Mashariki mpaka Afrika ya Kusini. Kila mahali walionyesha picha zao na kuuliza swali lile lile. Safari nzima iligharimu paundi 678 tu. Mtu akifikiri mali inayotumika siku hizi katika utafiti, ataona kwamba katika elimu ya ulimwengu huu ni machache yaliyopatikana kwa gharama ndogo kama hiyo.

Waliporudi ilibainika kwamba mpaka haukufuata kabila wala mipaka ya serikali. Ulifuata urefu wa nchi. Karibu na mstari wa ikweta maradhi hayakuonekana katika nchi zilizoinuka kupita futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Na kadiri mtu alivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Ndipo Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, alipowafumbulia fumbo. Alisema kwamba urefu wa nchi si kitu, bali lililo kubwa ni joto na mvua. Maradhi yalikuwa katika nchi ambazo baridi yake haishuki chini ya digri 60 za Farenhaiti, kama 16 za Selsiasi, na ambazo mvua yake hupita inchi 20 kwa mwaka. Basi kuna kitu kinachopenda joto na unyevu, nacho kinahusika.

USHAHIDI WA BURUNDI

Hapa ndipo Burundi inapoingia. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi, pamoja na Kigezi katika Uganda, zilikuwa na watu wengi mno, na hata hivyo maradhi haya hayakuwa yakionekana huko. Aliye Mutanga Nord anaweza kulifahamu jambo hili bila ya ramani. Akitazama magharibi aona ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kama mita 770 juu ya bahari, na uwanda wa Imbo wenye joto na mbu. Akigeuka mashariki aona milima inayopanda mpaka Bugarama na Mugamba, kupita mita 2,000, ambako watu huota moto usiku. Safari ya saa moja tu kwa motokaa humtoa mtu katika hali ya hewa ya ukanda wa Burkitt na kumtia katika nchi iliyokuwa nje yake.

Tena, katika miaka ile watu wengi wa Rwanda na Burundi walikuwa wakienda Buganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Burkitt na mwenziwe Dennis Wright walichunguza wagonjwa wa Uganda kwa makabila yao, wakatoa habari zao katika mwaka wa 1966. Walikuta kwamba wahamiaji waliotoka katika nchi za baridi waliweza kuugua walipokaa katika nchi ya joto, na walipougua walikuwa na umri mkubwa zaidi kuliko watoto wa wenyeji. Hoja yake ni wazi. Lau maradhi yangekuwa ya nasaba, mtu wa mlimani asingeyapata popote aendapo. Kwa kuwa aliyapata alipohama, asili yake imo katika mahali, si katika kabila. Wafanyakazi wale maskini, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu, walitoa ushahidi uliofunga mdomo wa kila aliyedhani kwamba watu wa kabila fulani wamelaaniwa kwa ugonjwa fulani.

VIRUSI NA MALARIA

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alihutubia madaktari katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Kabla hotuba haijaisha, Epstein alikwisha kukata shauri kwamba aache kazi zake nyingine ashike hii. Ikapatanwa kwamba vipande vya uvimbe viwe vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Siku moja ya mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Epstein hakukitupa. Alipoyatazama maji yale aliona chembe zilizojitenga zikielea, zingali hai. Kutoka chembe hizo yeye na wasaidizi wake, Yvonne Barr wa Ireland na Bert Achong wa Trinidad, waliweza kuzikuza nyingine, na mwezi wa Februari 1964 akaona ndani yake, kwa darubini ya elektroni, virusi ambavyo havijapata kuonekana. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya mwanadamu, navyo huitwa virusi vya Epstein na Barr. Epstein alifariki mwezi wa Februari 2024, umri wake ukiwa umepita miaka 100.

Lakini ikaja mashaka mapya. Ilibainika kwamba virusi hivyo, ambavyo hupita kwa mate, wanavyo karibu watu wote wa dunia, wa Ulaya na wa Afrika. Kwa nini basi visiwaletee wote saratani? Mwaka wa 1964 Gilbert Dalldorf na wenziwe walielekeza kidole kwenye malaria. Ramani ya Burkitt ilikuwa ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Unguja na Pemba zilikuwa ushahidi mwingine: zina joto na mvua kama pwani nzima, lakini malaria ilikuwa imepigwa vita huko, na maradhi haya yalikuwa haba. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara tangu uchanga, chembe zake nyeupe huzaana kwa wingi na ulinzi wake dhidi ya virusi hulegea. Hapo ndipo chembe moja inapopata nafasi ya kuasi. Virusi peke yake havitoshi, wala malaria peke yake haitoshi.

Wataalamu hawakuridhika na kukisia. Tangu mwaka wa 1972 kundi la Guy de Thé lilitoa damu kwa watoto kama 42,000 wa West Nile, Uganda, likangoja kuona nani ataugua. Likakuta kwamba waliougua walikuwa na alama nyingi za virusi katika damu yao kabla ya ugonjwa. Toka mwaka wa 1977 mpaka 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini ili ionekane kama kuzuia malaria kutapunguza saratani. Matokeo hayakukata shauri. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, hatua moja mbele na pengine kusimama.

DAWA

Wakati Burkitt alipoanza, hapakuwa na mashine za miale za kutibu saratani katika Uganda, na kisu hakikufaa kwa uvimbe uliotapakaa. Ilibaki dawa. Katika mwaka wa 1948 Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha kwamba lukemia ya watoto inaweza kurudi nyuma kwa muda kwa dawa inayozinyima chembe chakula chake. Dawa ya jamaa hiyo, methotrekseti, ililetwa Kampala, na Joseph Burchenal wa New York akashirikiana na Burkitt. Zikafuata saiklofosfamaidi na vinkristini, ambayo hutolewa katika mmea wa maua wa asili ya Bukini. Watoto ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibika, wakarudi katika hali yao kwa siku chache, na wengine hawakuugua tena maisha yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuamini kwamba saratani iliyoenea inaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Burkitt alirudi Uingereza katika mwaka wa 1966, akafariki tarehe 23 Machi 1993. Kazi haikuondoka pamoja naye. Katika mwaka wa 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya John Ziegler wa Marekani. Huko walithibitisha kwamba dawa kadhaa kwa pamoja hushinda dawa moja, na kwamba maradhi hujificha katika uti wa mgongo, basi yapasa dawa ipelekwe huko pia. Katika mwaka wa 1972 Burkitt, Burchenal, Ziegler na V. Anomah Ngu wa Kameruni walikuwamo miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Mwaka huo huo, katika taabu za utawala wa Idi Amin, Ziegler aliondoka, na Dokta Charles Olweny, Mganda kijana, akaachiwa taasisi. Dawa zilikuwa adimu na maisha yalikuwa ya hofu, lakini milango haikufungwa. Mwenye kutafuta mfano wa kutimiza amana hana haja ya kwenda mbali.

WAJIBU WA JUMUIYA

Leo katika nchi tajiri watoto kama 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi za Afrika idadi ni ndogo zaidi, ingawa maradhi ni yale yale na dawa ni zile zile. Wengi hufika wamechelewa. Kwanza mtoto hung'olewa jino, kisha hupelekwa kwa waganga wa kienyeji, jirani akanong'ona habari za uchawi, na huku uvimbe unaongezeka kila siku. Wengine huanza dawa, uso ukirudi katika hali yake wazazi hudhani amepona, au nauli ikawaishia, wakaacha kabla ya muda kutimia. Maradhi yakarudi yakiwa makali zaidi.

Dalili zake si za siri: taya kuvimba upesi, meno kulegea kwa mtoto asiye na umri wa kung'oa, jicho kusukumwa nje, tumbo kujaa, au miguu kupooza ghafula. Mtoto mwenye mojawapo ya hayo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, wala asingojewe mpaka Ijumaa ipite. Chandarua juu ya kitanda cha mtoto, na kutibu malaria mapema, ni kinga ambayo kila nyumba ya Bujumbura inaiweza.

Kuna na yale ambayo nyumba moja haiyawezi, bali jumuiya huyaweza. Nauli ya mama anayetoka Cibitoke au Rumonge na mtoto wake kila wiki chache, sahani ya chakula anapokaa hospitalini, na damu ya kuongezewa mtoto ambaye dawa imemdhoofisha: hizo ni sadaka ambazo mtu hazioni zikijengwa kama ukuta wa msikiti, lakini faida yake inatembea kwa miguu yake. Utafiti wa Burkitt ulianza kwa mtoto mmoja aliyetazamwa vizuri, ukaendelea kwa mahospitali madogo yaliyokubali kujibu barua. Waislamu wa Mutanga Nord, ambao wengi wao ni watu wa elimu na biashara, hawakuombwa kuvumbua dawa. Dawa imekwisha kupatikana. Wanaombwa tu wasimwache mtoto akafa mlangoni pake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote, awape subira wazazi wao, na awalipe kheri wote waliotafuta elimu kwa ajili ya viumbe vyake. Amin.